Shofa wa Acha Baseme

Kijiji chote cha Itebero kilimwita Shofa, yaani dereva. Athanase alikuwa mtu mzima aliyekwisha kula chumvi nyingi, alilima mihogo na kutega panya wa msituni, na hakuwa na hata baiskeli. Lakini ukiuliza nyumba ya Athanase, utaulizwa kwanza ni Athanase yupi, na ukisema Shofa utapelekwa hadi mlangoni. Jina hilo lilimpa kiti cha mbele kwenye matanga na harusi. Lilimpa na mke pia, tuseme ukweli, maana baba yake Emérita hakuwa mtu wa kumwoza bintiye kwa mlima mihogo.

Ubaya ni kwamba jina hilo halikuwa lake.

Zamani, wakati lori lilikuwa bado linaweza kutoka Walikale, kupanda Masisi na kushuka mpaka Sake bila kulala matopeni wiki nzima, Athanase alifanya kazi kwenye Mercedes 911 iliyoandikwa Acha Baseme, waache waseme, kwenye paji la uso. Shofa wake alikuwa Nzabandora, mtu wa Masisi, mwenye kitambi na kicheko. Athanase alikuwa konvoyeri. Alilala juu ya magunia, akapakia, akapakua, na zaidi ya yote alibeba kabari, lile gogo lililochongwa upande mmoja, la kusukumiwa nyuma ya gurudumu. Breki za Acha Baseme zilikuwa za kuombea. Kwenye mwinuko, lori likikata pumzi na kuanza kurudi nyuma, Nzabandora alipiga kelele mara moja tu, na Athanase alikuwa ameshafika chini, anakimbia mbio za uhai wa watu wote waliokuwa juu ya mzigo. Ni kazi ya wanaume, na ningekuwa mimi ningejivunia hiyo.

Yeye hakujivunia. Acha Baseme ilipokatika ekseli njiani na mwenye lori akaitupa hapo hapo, Athanase alirudi kwao kwa miguu, amevaa kofia aliyopewa na Nzabandora. Mama mmoja sokoni alimtazama akasema, "Karibu, Shofa." Athanase alitaka kumsahihisha. Lakini alikuwa na njaa, amechoka, na kofia ilikuwa imemkaa vizuri. Akanyamaza. Kesho yake akaitwa tena. Mwezi haukwisha, akawa anasimulia visa vya Nzabandora na kupiga chuku, na katika kila kisa aliyeshika usukani ni yeye.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya Athanase ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Kisangani, na huenda angeifikisha kaburini salama kama si binti yake Valérie.

Valérie alikuwa muuguzi Walikale mjini. Huko alikuwapo mfanyabiashara wa kutoka Butembo, jina lake Katembo, mwenye duka, malori na garaji. Katembo alikuwa na wazimu mmoja usiodhuru mtu: alipenda magari mazee. Aliyatafuta yalikotupwa, akayang'oa kwenye magugu, akayavuta mpaka kwake, akayafufua moja moja. Yakipona aliyaweka kwenye banda kubwa alilolijenga upande wa juu wa garaji, lenye simenti laini kuliko ya nyumba nyingi za mjini. Banda hilo alikuwa akiliita salo, yaani sebule, na watu walikuja Jumapili baada ya misa kuyatazama magari kama wanavyotazama maharusi. Siku moja alimwonyesha Valérie lori jipya lililopona. Valérie alisoma maandishi ya mbele, akashika mdomo.

"Iyi njo gari ya Papa yangu," alisema. "Yeye njo alikuwa anaiendeshaka."

Basi mwaliko ukafika Itebero. Shofa aende Walikale akaione gari yake. Emérita, aliyekuwa anamenya mihogo, hakuinua kichwa.

"Papa Valérie, ubakie tu," alisema. "Goti yako iko mubaya, na njia iko mubaya."

"Goti inaweza," alijibu Athanase. Alidhani mkewe anamhurumia mguu. Angekataa vipi? Kijiji kizima kilikuwa kimeshasikia, na mzee Noël, jirani yake, alikuwa ameleta koti lake la kanisani ili Shofa asiende kuiona gari yake amevaa kama mchimba viazi.

Walikwenda kwa pikipiki, yeye katikati, Valérie nyuma amemshika kiuno. Katembo aliwapokea kwa mikono miwili. Mkewe Wivine alileta soda na kiti chenye mto. Mafundi walifuta mikono, wakaja kumsalimia mmoja mmoja. Wakamtembeza kwanza kwenye garaji, kati ya injini zilizofunguliwa matumbo na harufu ya mafuta ya mazuti, kisha wakapanda naye kwenye salo. Kulikuwa na Land Rover ya kijani iliyowahi kuwa ya mapadri, na Peugeot 404 nyeupe iliyopakwa rangi juzi tu. Nje kidogo, juu ya mteremko unaoshukia ndani ya salo, ilisimama Acha Baseme, mgongo ukielekea ndani.

Athanase aliitambua kabla ya kusoma jina. Alitaka kulia, na hilo halikuwa la uongo. Walikuwa wameipaka bluu yake ile ile.

"Muzee, uniambie kitu moja," Katembo alisema. "Vitesi ya pili inaruka. Wewe ulikuwa unafanyaka namna gani?"

"Unaishikia na goti," alijibu Athanase papo hapo. "Goti ya kuume. Mpaka umalize mulima."

Mafundi waliangaliana wakatikisa vichwa kwa heshima. Lilikuwa jibu sahihi kabisa, maana alikuwa ameliona goti la Nzabandora likiishikilia gia ile miaka mingi. Sifa zilimwingia, akajiona kweli alikuwa anaendesha. Hapo Katembo akamvuta upande wa pili. Mlangoni, chini ya dirisha la dereva, mchoraji alikuwa ameshaandika kwa rangi nyeupe: Shofa Athanase, Itebero. Rangi ilikuwa haijakauka.

Valérie alipiga picha. Alipiga nyingi.

"Sasa, Papa," Katembo alisema, "wewe njo utaiingiza ndani. Muntu mwingine hapana."

Ilikuwa tayari inanguruma. Athanase alipanda, kwa sababu watu wote walikuwa wanamtazama apande. Alikaa kwenye kiti ambacho hakuwahi kukikalia hata lori likiwa limezimwa, maana Nzabandora, pamoja na kucheka kote kule, hakuruhusu mtu kukigusa. Chini aliona pedali tatu. Alijua moja ni breki. Mdomo huponza kichwa, na huu wake ulikuwa umemponza kwa muda mrefu bila haraka. Akafanya kitu pekee alichokuwa na hakika nacho: akashika mkono wa breki akauachia.

Acha Baseme ikaanza kurudi nyuma, polepole, kuelekea kwenye Peugeot nyeupe.

Dereva yeyote, hata wa jana, angekanyaga kitu. Athanase alifungua mlango akaruka. Mzee wa goti bovu, ndani ya koti la kuazima, aligusa ardhi akakimbia nyuma, akaokota gogo lililokuwa kando ya ukuta, akalipiga chini ya gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja na kuondoa kidole kwa wakati, kama alivyokuwa akifanya milimani. Lori likakaa. Kati yake na Peugeot ungeweza kupitisha kiganja.

Wote pale walikuwa watu wa malori. Baba yake Katembo alikuwa na malori, na Katembo mwenyewe alianzia juu ya magunia. Walijua mtu wa namna gani anakimbilia gurudumu. Fundi mmoja alipanda kimya, akavuta breki, akazima. Athanase alibaki amechuchumaa, mkono juu ya gogo, na kwa sababu kazi ilikuwa imefanyika vizuri sana, haikuwa na maelezo mengine. Aliomba ardhi ipasuke. Ilikuwa simenti ya Katembo, haikupasuka.

Alipoinua macho alimwona Valérie. Simu ilikuwa bado mkononi, lakini ameishusha. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamtazama baba yake kama wagonjwa wanavyotazamwa na wauguzi, na Athanase aliona afadhali angetukanwa.

Wivine alimshika Valérie mkono, wakaenda kutafuta chai ambayo hakuna aliyeiomba. Katembo alimwinua mzee taratibu, akampeleka kando, nyuma ya Land Rover, ambako mafundi wasingesikia. Alisema kwa sauti ya chini, kwa adabu yote.

"Papa, konvoyeri njo moyo ya gari. Miye pia nilikuwaka konvoyeri. Haiko haya."

Athanase alitazama viatu vyake.

"Lakini pale ku mulango inapashwa kuwa jina ya shofa. Sitaki kudanganya, kuandika bongo ku gari ya batu. Ule shofa alikuwa anaitwa nani?"

Jina lilikuwa pale pale mdomoni. Alikuwa amelala na mtu huyo chini ya turubai moja, wamekula sahani moja, wameombeana mvua isinyeshe. Lakini watu wa Itebero huja Walikale sokoni. Wangepita kwa Katembo, wangesoma mlango, wangerudi nyumbani na jina la mtu mwingine.

"Nilishasahau," alisema Athanase. "Ni siku mingi."

"Haina neno," Katembo alisema. "Tutaacha mulango mutupu."

Walipokuwa wanaondoka, mchoraji alikuwa anafuta kwa kitambaa chenye petroli. Jina lilikuwa bichi, halikumsumbua.

Walirudi kwa pikipiki. Valérie alimshika baba yake kiuno kama walivyokuja, na mkono ule ulimchoma kuliko moto. Athanase alitunga maneno ya kumwambia, akayatupa, akatunga mengine. Kuna aibu inayokufanya utake kulia na nyingine inayokufanya utake kulala. Yake ilikuwa ya kukaa macho, uione yote.

Jua lilikuwa halijazama walipofika. Uani watu walikuwa wameshakaa: Noël aliyekuja kuchukua koti na habari, dada yake Mapendo, na majirani wengine. Emérita alikuwa ametenga sahani ya ugali na sombe, mboga ya majani ya mihogo. Alimtazama mumewe mara moja, akasogeza kiti.

"Basi, Shofa," alisema Noël. "Gari ilikupokea namna gani?"

Valérie akamtangulia baba yake kujibu.

"Ilimupokea muzuri," alisema. "Papa aliiwasha, akaiingiza ku salo peke yake. Batu bote banapiga makofi. Hata na goti alishikia vitesi ya pili."

Aliyasema macho makavu, binti huyu ambaye utotoni alichapwa na mama yake kwa uongo wa kipande cha sabuni. Athanase alikuwa hajawahi kuusikia uongo wake kutoka nje. Sasa aliusikia kwa sauti ya mwanawe, na kila neno lilikuwa lake, mpaka lile la goti.

"Valérie, acha," alisema. "Sikuendesha. Hata siku moja sikuendeshaka. Miye nilikuwa muntu wa kabari."

Alingoja kicheko. Alikuwa amekingoja tangu ujana wake. Mapendo alinawa mikono. Noël alikohoa.

"Tunajuaka," alisema Noël. "Kula kwanza."

"Munajua nini?"

Noël alimtazama Emérita, kama anayeomba ruhusa, na Emérita ndiye aliyesema.

"Mwaka ile Valérie iko mu tumbo, ulienda ku mitego. Lori moja ikasimama pale barabarani. Muntu wa tumbo kubwa akashuka upande wa usukani, akauliza, konvoyeri yangu Athanase iko wapi? Tukamuambia, hapa hakuna konvoyeri Athanase, tuko na Athanase Shofa. Akatuangalia. Akacheka sana, mpaka akashikilia mulango. Kisha akasema, njo huyo. Munisalimie Shofa, mumuambie konvoyeri yake Nzabandora alipita."

"Tukamupa ndizi," alisema Mapendo. "Akapanda, akaendesha, akaenda."

"Mbona hamukuniambia?"

"Tungekuambia," alisema Emérita, "wewe ungeikala ku kiti gani?"

Ndivyo alivyojua kwamba kiti cha mbele walikuwa wanamwekea wakijua, na kwamba mkewe alikuwa amesikiliza visa vile vyote, mwaka kwa mwaka, akiitikia panapostahili. Na Nzabandora, ambaye alikufa Masisi zamani, alikuwa amempa jina lake mwenyewe pale barabarani na kujichukulia la konvoyeri, bila kuombwa, kisha akapanda gari akaenda zake.

Watu walianza kula. Noël alimsogezea sombe kwa upole, kama kwamba yamekwisha, kama kwamba lililofichwa lote limetoka. Athanase aliusukuma mkono ule.

"Leo Katembo aliniuliza jina ya shofa," alisema, "apate kuiandika ku mulango. Nikamuambia nimesahau."

Hilo hakuna aliyekuwa analijua. Noël aliweka tonge chini, na kwa mara ya kwanza siku ile hakumtazama usoni.