Bega la Baba Yangu

Wewe ni mtu ninayekuamini, ndiyo maana nakueleza lote jambo hili ambalo wengine wanalijua nusunusu. Ungekuwa karibu ningekuvutia kigoda, nikakumiminia uji, tukaongea mpaka basi. Lakini uko mbali, kwa hiyo nimeshika kalamu. Usinicheke mwandiko wangu. Kusoma nimejifunza ukubwani, darasa la jioni la misheni, nikiwa na mtoto mgongoni na wengine wawili wamenishika kanga.

Hapa Tabora reli inagawanyika. Moja inakwenda Kigoma, nyingine inakwenda Mwanza. Wageni wa Kizungu wanaotoka Dar es Salaam hushuka hapa wakangoja treni nyingine, siku moja, pengine mbili. Mji wetu hauna bahari wala ziwa. Mgeni akishakunywa chai na kulitazama boma la Mjerumani, amemaliza, anaanza kupiga miayo. Ndipo mwenye nyumba ya wageni nilimokuwa nafanya kazi akabuni matembezi ya siku. Asubuhi lori linatoka mjini, linafuata njia ya zamani ya misafara, jioni linarudi.

Mimi kazi yangu ilikuwa jikoni. Mume wangu alikuwa ametangulia, na watoto walitaka kula na kusoma, basi sikuchagua kazi. Nilichemsha mayai, nilikaanga kuku, nilipanga mikate ndani ya kikapu na kukifunika kwa kitambaa nilichokipiga pasi mwenyewe. Kikapu kilikwenda matembezini, mimi nilibaki. Jioni kilirudi na mifupa.

Kulikuwa na mtembezaji wa wageni, kijana wa mjini, suruali ya kaki imenyooka kama kisu, Kiingereza kinamtoka kama maji. Aliwaonyesha wageni magofu ya tembe la zamani, akawaonyesha kisima walichonywea watu wa misafara, halafu hakuwa na kitu kingine cha kuwaonyesha, na jua bado liko juu. Siku moja, wakipita upande wa Itetemia, walimkuta mzee analima kifua wazi. Mtembezaji akaliona bega lake, akamwambia dereva asimame. Mzee huyo alikuwa baba yangu mzazi.

Hapo lazima nikueleze habari ya bega, maana bila hiyo hutanielewa.

Baba alikuwa mpagazi. Kabla reli haijaja, kila kitu kilichotoka huku kwenda pwani, na kilichotoka pwani kuja huku, kilibebwa na watu, na watu wenyewe kwa sehemu kubwa tulikuwa sisi Wanyamwezi. Hawakukamatwa, hawakufungwa. Walikwenda wenyewe kwa ujira. Walibishana ujira wao kabla ya kuondoka, na wakiona njiani wanadhulumiwa walitua mizigo, wakakaa chini mpaka wasikilizwe. Kijana ambaye hajafika pwani wasichana walimwita mtoto hata akiwa na ndevu. Na pembe ya ndovu huibebi kichwani, unaibeba begani. Kwa hiyo ngozi ya pale inakufa, inakuwa ngumu, inavimba kama kifundo cha mti. Sugu ile ndiyo ilikuwa heshima ya mtu. Baba alipokwenda kumposa mama, bibi yangu hakumuuliza ana ng'ombe wangapi. Alimwambia, "Teremsha nguo tuone." Akaibonyeza ile sugu kwa kidole gumba, kama unavyobonyeza boga sokoni, akawageukia wenzake akasema, "Huyu amefika." Basi. Mama alituhadithia hayo mara nyingi jikoni, na baba nje akijifanya hasikii, huku tunamsikia anacheka.

Tangu siku ile lori likawa linasimama kwa baba kila safari. Mtembezaji alimletea sukari, alimletea tumbaku. Na baba alifurahi, sikufichi. Mama alikuwa ameshafariki. Wenzake wa safari wote wako chini ya udongo. Wajukuu ukiwaambia habari za pwani wanakuuliza kwa nini hamkupanda treni. Na sasa watu kutoka Ulaya wanapanda lori kuja kulitazama bega lake! Jumapili baada ya ibada aliwaambia wazee wenzake mbele ya kanisa, "Nyie mna mvi tu. Mimi nina wageni."

"Wanataka nini kwako hao?" mmoja akamuuliza.

"Hawajawahi kuona mwanamume. Wameletwa waone."

Walicheka wote, hata mwinjilisti aliyekuwa anafunga mlango.

Ikaja siku wageni walikuwa wengi, mwenye nyumba akaniambia nipande lori na kikapu, nikawaandalie chakula hukohuko. Nilipanda kwa furaha. Nilivaa kanga mpya. Nilijiambia, leo nami nitaona baba yangu anavyoheshimiwa.

Tulipofika, baba alitoka ndani, akawasalimia, akavua shati mwenyewe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kinu. Akageuza bega la kushoto lielekee kwenye mwanga. Mtembezaji akaanza kusema. Kiingereza changu ni kidogo, lakini kuna neno moja nilikuwa nalijua vizuri sana, maana mwalimu wetu wa jioni alitufundisha kwa habari za wana wa Israeli kule Misri. Neno la mtumwa. Nikalisikia. Nikasema labda anaeleza habari za njia, maana watumwa nao walipita njia hiyo. Kisha nikamwona anaweka mikono miwili shingoni mwake, anawaonyesha kongwa, ule mti wenye panda waliofungwa nao watumwa, halafu anainyooshea kidole sugu ya baba. Akalisema neno lile tena.

Mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia ya majani alitoa kitambaa, akafuta macho. Akanyoosha mkono akaligusa bega la baba taratibu, kama unavyogusa kidonda. Baba akatabasamu. Akamwambia mtembezaji, "Mwambie mama huyu asilie. Pembe zenyewe nilishazitua zamani."

Mtembezaji akatafsiri. Sijui alitafsiri nini, maana yule mama alizidi kulia.

Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya mayai. Sikuidondosha. Niliwapitishia mmoja mmoja, wakala.

Walipokuwa wanapiga picha nilimfuata mtembezaji nyuma ya lori. "Mdogo wangu, baba yangu alikuwa mtumwa lini?"

Akashtuka kidogo, kisha akacheka. "Kumbe ni baba yako? Hongera, dada. Una baba maarufu."

"Nimekuuliza."

"Dada, sikiliza. Mpagazi ni nini? Ni kuli. Makuli wamejaa pale stesheni, wageni wanawaona bure wakishuka. Nani atapanda lori, ale vumbi, aende kumwona kuli mzee?"

"Kwa hiyo unamuuza."

"Mimi? Shati anavua mwenyewe. Na sukari anaikoroga mwenyewe." Akapanda mbele, akafunga mlango.

Kesho yake nilikwenda kwa baba. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu anipe neno. Nilimkuta ananoa jembe, amechangamka. "Jana nilikuona umesimama na sahani yako," akasema. "Ulisikia? Yule kijana ananieleza vizuri? Nimekuwa nikitaka kukuuliza, maana wewe ndiye msomi wetu."

Ningeweza kunyamaza. Watu wengi wameniambia baadaye kwamba ningenyamaza, mzee angekufa na furaha yake. Lakini amri inasema usimshuhudie jirani yako uongo, na huyu hakuwa jirani, alikuwa baba yangu, na ameniuliza mimi. Nikamwambia yote, mpaka habari ya kongwa.

Alipitisha kidole kwenye makali ya jembe. Halafu akauliza, "Na wao waliamini?"

"Waliamini, baba."

"Wale watumwa niliwaona," akasema. "Tulikuwa nao njia moja. Sisi mbele tunaimba, wao nyuma. Kulikuwa na mwanamke alibeba mtoto na pembe pamoja. Mtoto alipomshinda..." Akaliweka jembe chini. "Mimi nilikwenda kwa hiari yangu na nikarudi na nguo za kumposa mama yako. Yule mwanamke hakurudi. Sasa mimi nachukua machozi yake nabadilisha na tumbaku?" Akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa sukari na pakiti za tumbaku alizobakiza. "Mrudishie yule kijana. Na safari ijayo uje tena na kikapu chako, uwe mdomo wangu."

Nikaomba tena kupanda lori, nikakubaliwa. Baba alitungoja amevaa shati lake jeupe la ibada, amefunga vifungo mpaka shingoni. Mtembezaji akamwambia, "Babu, vua basi, wageni wana haraka." Baba akampita. Aliwaeleza wageni kwa Kiswahili, polepole, kwamba hakuwahi kufungwa na mtu, alikuwa mpagazi, alilipwa, na wale waliofungwa walikuwa wengine, wakumbukwe wao. Halafu akanitazama mimi.

Nilisema kwa Kiingereza changu cha jioni, maneno machache, moja moja, kama mtu anayepita juu ya mawe mtoni. Nilisema, huyu si mtumwa. Huyu alikuwa mtu wa kazi. Mshahara. Huru. Kijasho kilinitoka, lakini nilisema, na nilisema sawasawa.

Wageni walitazamana. Mtembezaji hata hakukasirika. Aliwasogelea akawaambia jambo kwa sauti ya chini, ya huruma, kwa maneno mepesi, na nililielewa lote, afadhali ningekuwa kiziwi. Aliwaambia mzee anaona aibu. Kwamba watu waliokuwa watumwa huficha, hata kwa watoto wao, na hata huyu binti yake hajui.

Ndipo walipoamini kabisa. Bwana mmoja alivua kofia mbele ya baba. Mwingine alinipigapiga mgongoni. Kadiri nilivyotikisa kichwa, ndivyo walivyonionea huruma. Baba aliniuliza, "Wameelewa?" Na mimi ambaye sikumdanganya mara ya kwanza, sikuweza kumdanganya mara ya pili. Nikamwambia, "Hapana, baba."

"Basi," akasema. Akaingia ndani.

Jioni ile ile mwenye nyumba alinifukuza kazi, kwamba nimewasumbua wageni. Nikarudi kwenye jembe, na kuuza michembe sokoni, viazi vyangu vikavu, na watoto hawakufa njaa, Mungu ni mwema. Lakini baba hakulivua shati tena mbele ya watu. Alilima nalo juani. Lilipochanika begani aliniletea nilitie kiraka, na lilipochanika tena, kiraka juu ya kiraka. Kitu ambacho bibi yangu alikibonyeza mbele ya watu kwa furaha, baba alikificha mpaka anaumwa, mpaka mganga wa misheni alipotaka kumsikiliza kifua baba akaishika kola ya shati kwa mikono miwili.

Alifariki wakati wa masika. Waliomuosha ni wazee wa kanisa. Mmoja wao, mzee kuliko wote, alitoka nje akaja mpaka nilipokaa na wanawake, akaniambia, "Nimeliona bega. Baba yako alifika." Ndipo nilipolia.

Mwinjilisti ananiambia nisamehe. Nimesamehe, nasamehe kila ninapopiga magoti, na ninaponyanyuka inabidi nianze tena. Maana lori halijaacha kuja. Siku moja nilikuwa shambani nikaliona limesimama kando ya kaburi la baba. Mtembezaji, sasa amenenepa, aliweka mikono yake shingoni kama zamani. Wageni wakavua kofia. Kisha wakafungua kikapu, wakala mayai yaliyochemshwa na mtu mwingine.

Siwezi kulikimbiza lori. Jina la baba sitaliandika hapa, wasije wakalichukua nalo. Lakini wewe umenisikiliza mpaka mwisho, basi nina ombi. Ukiwa kwenye treni, au msibani, au popote watu wanapongoja, ukasikia mtu anataja yule mtumwa mzee wa Itetemia, usimwache hivi hivi. Mwambie alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani kwa hiari yake na akarudi, na bega lake lilimpatia mke. Mwambie pia kulikuwa na mwanamke nyuma yao aliyebeba mtoto na pembe, ambaye hakurudi, na machozi ni yake. Halafu mwombe huyo naye amwambie mwenzake.