Pua ya Fundi Viatu

Tuwekeane dau sasa hivi: hii habari hutaiamini. Ukiiamini, nitatembea peku sokoni saa saba za mchana, jua likiwaka, na wewe ulete wenzako mje mnicheke. Usipoiamini, sitaki kitu chako. Nataka utulie tu, unisikilize mpaka mwisho bila kunikata. Haya, twende.

Fundi viatu wetu watu walimwita Soli. Kibanda chake cha mabati kilikuwa pembeni ya barabara, kati ya duka la dawa na mama muuza nyanya. Ndani mlikuwa na benchi, chuma cha kugongea viatu, kisu kilicholika mpaka kikabaki chembamba kama ulimi wa paka, na kopo la gundi ya njano. Kopo hilo lilikaa wazi kutwa nzima. Mafundi wengine huchota, wakafunga, wakachota tena. Soli alisema kufunga kopo ni kazi ya fundi anayejifunza.

Na kujisifu sasa! Ukimpelekea kiatu kimepasuka, kabla hajakishika ameshakueleza kwamba bila yeye mtaa mzima ungetembea kwa magoti. Lakini alichojivunia kuliko vyote ni pua yake.

"Hii pua," anasema, akiigonga kwa kidole cheusi cha rangi ya viatu, "mtu akigusa gundi jana, mimi leo namjua."

Sasa, nyuma ya shule kulikuwa na jengo ambalo mwenyewe aliliacha bila paa. Vijana wa miaka kumi na nne, kumi na tano, wakawa wanajificha humo kunusa gundi. Mambo yalijulikana siku mmoja wao alipoporomoka kwenye ngazi, akavunjika mkono, na alipoulizwa kaanguka vipi, akacheka tu kama mtu anayetekenywa. Kina mama wakaunda kamati. Mwenyekiti wao alikuwa mkunga mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya kengele. Mama za nusu ya vijana wale aliwazalisha yeye, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumpandishia mabega. Ukijaribu tu, anakwambia mbele za watu, "Wewe nimekuona huna hata nguo. Shusha sauti."

Siku moja Mkunga akasimama mbele ya kibanda, akakizuia mwanga wote.

"Soli, gundi wanayonusa watoto inatoka kwako."

"Kwangu? Mama, acha utani! Mtoto aiguse gundi yangu, pua hii isijue?"

"Basi vizuri. Kuanzia leo pua hiyo ni ya kamati. Njoo utunusie."

Huo ndio mdomo wa Soli, ulimpa kazi ambayo hakuiomba. Kila jioni akawa anakwenda uwanjani, anawakumbatia vijana mmoja mmoja kama ndugu waliopotezana, huku akivuta pumzi kwenye kola za mashati yao. Vijana wakaambiana kwamba mzee anaumwa sana, anaaga. Mmoja alimletea maua.

"Wote safi," Soli alimwambia Mkunga. "Wananukia sabuni."

"Wote?"

"Mama, unabishana na pua?"

Wakati huohuo kukaingia mkosi mwingine. Viatu vikaanza kufungua midomo. Mwalimu wa hesabu aliacha soli ya kushoto kwenye ngazi za shule, akafundisha kipindi kizima mguu mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine. Muuza nyanya akarudisha ndala, akazitupa benchini. Soli kila mmoja alimpa jibu lake. Mwalimu anakanyaga vibaya. Muuza nyanya ana kisigino cha hasira. Na lami nayo, jamani, lami ya siku hizi inanyonya gundi. Kweli aliona gundi imekuwa laini kidogo, lakini akasema wa kulaumiwa ni kiwanda.

Nyumbani, mkewe alikuwa anafagia chumba cha binti yao. Huyu binti alikuwa na miaka kumi na tano, mwepesi wa miguu na mzito wa maneno, na siku hizo alikuwa anachelewa kurudi bila kusema alikuwa wapi. Ufagio ukagonga kitu chini ya kitanda. Mama akakivuta. Ni kopo la maziwa ya unga, na ndani yake gundi ya njano.

Soli aliporudi, mkewe alimvutia chumbani, akafunga mlango.

"Baba watoto, tumekwisha. Angalia."

Soli akaangalia. Akakaa kitandani. Halafu akakumbuka yeye ni nani.

"Subiri kwanza. Huyu mtoto mimi jana nimemnusa. Hana kitu."

Mkewe akamtazama. "Hili kopo limekaa wazi chini ya pua yako tangu umekaa. Unasikia harufu?"

"Naisikia sana."

"Hebu fumba macho." Akatoka, akarudi. "Hii ni nini?"

"Gundi."

"Ni kitunguu. Na hii?"

"Hiyo... chai."

"Ndiyo hiyo gundi, mume wangu."

Mkewe akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha kicheko kikamgeukia kikawa kilio, maana wote wawili walifika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Miaka ishirini ya kuinamia gundi ilikuwa imeiua ile pua zamani, na mwenyewe alikuwa bado anaitembeza kama hai. Kama haikuwa inanusa, basi binti yao hakuna aliyemnusa. Wala watoto wa watu hakuna aliyewanusa.

Sasa sikiliza. Huyu ni mwanaume aliyewahi kugombana na askari watatu juu ya kibanda chake, akashinda kwa mdomo mtupu. Jioni ile alikaa mezani na mtoto wake wa kike, akashindwa kumwuliza swali moja.

"Umekula?"

"Nimekula, baba."

"Shule je?"

"Ipo palepale."

"Hmm. Kichwa hakikuumi?"

"Ukiendelea kunikodolea hivyo kitauma."

Akaondoka mezani. Aliliogopa jibu.

Jumamosi mchana Mkunga akaitisha kikao, na hakukiitisha pengine ila ndani ya lile jengo lenyewe. Kina mama walikuja na viti vyao, na vijana waliletwa, wengine kwa masikio. Soli alikaa nyuma, kati ya mkewe na binti yake, kimya. Watu wakageuka kumtazama. Soli kimya? Labda ni kweli anaumwa.

Mkunga akasimama. Akapiga hatua mbili mbele, na soli ya kiatu chake ikabaki nyuma.

Akaitazama soli. Akamtazama Soli.

"Nitakurudia," alisema. Kisha akamgeukia kijana mmoja mrefu, mwembamba, ambaye wenzake walimwita Waya. "Wewe, niambie. Gundi mnaitoa wapi?"

Waya akaangalia chini. "Kwa fundi. Akienda kunywa chai, tunachota. Kopo halifungwi. Lakini tumeacha, bibi."

"Nani kawashauri?"

"Hakuna. Gundi yenyewe mbovu. Unavuta, unasikia mkate."

Soli akaruka kutoka kitini. "Mbovu? Gundi yangu mbovu? Wewe mwizi mzima unathubutu kunilalamikia ubora?"

Jengo zima likacheka. Ilimchukua muda kukumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa anashtakiwa.

"Si mbovu," ilisema sauti pembeni yake. Binti yake alikuwa amesimama. "Ni unga wa ngano, maji ya moto na manjano."

Hata Mkunga, akiwa na kiatu kimoja bila soli, akageuka kumtazama.

"Niliwaona wanachota. Nikamwambia baba afunge kopo. Akasema yeye ana pua. Basi nikaichukua gundi nikaificha nyumbani, nikawa napika uji huo kila nikitoka shule, jikoni kwa mama muuza nyanya, namjazia baba koponi. Gundi ningemrudishia wakishachoka kuiba." Akasita. "Viatu sikuvifikiria."

"Nilijua ni manjano yangu!" alifoka muuza nyanya. "Kaniambia ni somo la shule!"

Soli hakusikia vicheko. Alimshika binti yake mabega yote mawili. "Wewe mwenyewe hukunusa? Hata mara moja?"

"Baba, naivuta kila siku ukiingia mlangoni. Hiyo inanitosha."

Mkewe akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakawa yanamtikisika, hujui ni kicheko au kilio.

Mambo yakamalizwa palepale. Waya na wenzake wawili Mkunga akawapangia kwenda naye zahanati Jumatatu asubuhi, na yeye hufika kabla hujaamka. Mafundi wote, wa viatu, wa mbao na wa magari, wakaambiwa gundi ikae kwenye kopo lenye mfuniko na sanduku lenye kufuli. Na viti vya kina mama havikurudi nyumbani. Walikubaliana kupokezana kukaa humo jengoni kila alasiri, wakichagua mchele na kumenya viazi. Jaribu wewe kunusa kitu kibaya mbele ya shangazi yako anayemenya viazi, uone kama utafurahia.

"Sasa fundi atasema neno," Mkunga akasema.

Soli akasimama, akakohoa, akakunja mikono ya shati. "Ndugu zangu, mimi tangu mwanzo nilihisi kuna mtu mwenye akili nyumbani kwangu, na akili hiyo, tukisema ukweli, kaitoa kwa..."

Mkunga akainua kiatu chake kisicho na soli, akakishikilia juu, watu wote wakione.

Soli akakitazama. Akaishusha mikono ya shati.

"Mwanangu aliniambia nifunge kopo, nikakataa," alisema. "Nilikosea."

Akakaa.