Kofia ya Mzaramo kwenye Meza ya Ishirini na Moja

Siku niliyoanza kazi, jambo la kwanza walilonifanyia ni kunishona mifuko. Fundi wa hoteli, mama mmoja mcheshi, alichukua sketi na koti langu la kazi akapitisha sindano kila penye mfuko mpaka pote pakafumbwa. "Hapa hata leso hutakuwa na pa kuitia," akaniambia. "Zoea." Hoteli ilikuwa Mwanza, karibu na ziwa, na ghorofa ya chini ilikuwa kasino. Mimi nilikuwa msichana wa Tabora, kifungua mimba, wazazi wote wawili wamefariki, shule nimeiachia kidato cha pili. Nyumbani, mtaa wa Cheyo, niliwaacha wadogo zangu watatu chini ya macho ya jirani.

Vijana wengi wanadhani kazi ile ilikuwa anasa. Ilikuwa kazi ya mikono na nidhamu. Mkufunzi wetu, mwanamke mrefu wa Arusha, alitufundisha kwamba mgawa karata akiondoka mezani hupiga kofi moja jepesi na kugeuza viganja, ili kamera za darini zione hakuchukua kitu. Chipu, yaani vile visahani vya plastiki vinavyochezewa badala ya fedha, hupangwa mahali pa wazi, havifichwi kwenye ngumi. Mgeni haguswi. Hapewi pole akishindwa wala hongera akishinda. "Uso wako uwe ukuta," alikuwa akisema, "ila ukuta uliopakwa rangi nzuri."

Nilianzia ruleti, lile gurudumu lenye kijipira, kisha nikahamishiwa meza ya ishirini na moja, ambako mchezaji hutafuta karata zinazofika hesabu hiyo bila kuipita. Shangazi yangu wa Itetemia alituma salamu kwamba kipato cha kamari hakina baraka. Nilimheshimu, lakini hakuwepo mwingine wa kuwalisha wale watatu. Nilikuwa bado katika majaribio. Meneja wa ukumbi, mgeni wa ng'ambo mwenye Kiswahili cha darasani, alikuwa ameniambia waziwazi: "Wewe ni mzuri. Lakini kosa moja mbele ya kamera, unarudi kwenu."

Ndipo wakaja Mzee Kondo na mkewe, Bi Mwanahawa, kutoka Dar es Salaam. Mzee alikuwa amestaafu kuendesha winchi bandarini, na watoto wao waliwalipia mapumziko. Mzee alitaka kasino. Mama alitaka Tabora, auone ukumbi wa dansi ilikopigia bendi aliyoisikiliza redioni tangu usichana. Walipokaa mezani kwangu walikuwa bado wanabishana.

"Kesho, Mwanahawa. Kesho tutakwenda."

"Hiyo kesho yako naijua. Nimeolewa nayo."

Mzee akanigeukia ili aponee kwangu. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza natoka wapi.

"Tabora, mzee."

"Mnyamwezi?"

"Ndiyo."

Akasukuma kiti nyuma kama aliyeona nyoka. "Tumekwisha! Mpagazi wetu ndiye anayegawa karata! Wewe, mzigo wa babu yangu uliutua wapi?"

Wazee wetu walibeba mizigo kutoka Tabora hadi pwani, wakapita kwa Wazaramo, wakapikiana, wakagombana, wakazikana. Kilichobaki kwetu ni utani: matusi yasiyouma, na haki ya kumnyang'anya mtani kitu chake mpaka akikomboe. Mtani akikuchokoza ukanyamaza, umemdharau. Nilinyamaza mara ya kwanza. Nikanyamaza mara ya pili.

"Mwacheni," akawaambia wachezaji wenzake, "huko kwao wanachohesabu ni michembe tu." Michembe ni viazi vitamu vilivyokaushwa, na mimi nimekulia humo.

"Na Mzaramo atamfundisha nani hesabu?" nikasikia mdomo wangu ukisema. "Ninyi si ndio mliouza viwanja vyote vya Dar es Salaam ili mkamcheze mwali?" Meza nzima ikaangua kicheko, na mkono wangu ukaenda wenyewe, ukamvua kofia yake ya kiua, nikaiweka chini ya meza.

Simu kutoka chumba cha kamera ikalia. Meneja akafika mbio.

"Mzee, huyu amechukua mali yako?"

"Amechukua!" alisema Mzee Kondo, uso mkavu kabisa. "Ndivyo walivyo wote. Mfungeni!"

Watani tuliokuwapo tukacheka. Meneja hakucheka. Ofisini, mkuu wa zamu, mtu mzima wa Bukoba, alijaribu kunitetea.

"Bosi, ni mila. Ana haki ya kuichukua."

"Ana haki ya kuiba?"

"Siyo kuiba."

"Kamera inaonyesha kuiba."

Kofia ikafungiwa kwenye sefu kama kidhibiti, na mimi nikawa nawaza nitawaambia nini wadogo zangu. Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Bi Mwanahawa, mumewe nyuma yake, kichwa wazi.

"Binti," akaniuliza kwa utulivu, "hiyo kofia inakombolewa kwa nini?"

Nikamtazama yule mama. "Kwa safari ya Tabora. Asipokupeleka, haipati."

Bi Mwanahawa alikaa chini kwa kucheka. Mzee akalalamika kwamba ameuzwa na mke wake mwenyewe, lakini mtani hakatai ukombozi. Meneja, ambaye hakutaka wageni waondoke na kinyongo, akatoa gari la hoteli na kunituma niwaongoze. "Mkirudi," akasema, "mzee ataniambia bila mzaha: ameiba au hakuiba. Hapo ndipo nitaamua."

Njia nzima, Shinyanga hadi Nzega, mzee alitukana kila ng'ombe tuliyempita kwamba ni mjomba wangu. Kila nilipomwuliza atasema nini kwa meneja alijibu, "Nitasema kweli. Mwizi." Nilicheka naye, lakini sikujua kama anatania.

Tabora, ukumbi tuliukuta nyuma ya soko, umegeuzwa ghala la magodoro. Mwenye duka alituruhusu kuingia. Jukwaa la mbao lilikuwa bado lipo, na Bi Mwanahawa akalipanda polepole, akagusa ukuta. "Nilidhani ni kubwa kama uwanja wa mpira," akasema. "Kumbe wote wale walitoshea hapa!" Hakuhuzunika hata kidogo. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini, na Mzee Kondo, bila kuambiwa, akapanda akamshika kiuno. Walicheza kati ya magodoro ya futi sita, mwenye duka akipiga kofi kushika mdundo, na wateja wawili wakasahau kilichowaleta.

Kabla ya kuondoka tulipita Cheyo. Wadogo zangu waliwakaribisha vizuri, wakatuletea chai na karanga. Bi Mwanahawa akakaa jikoni na mdogo wangu Zuhura, na nadhani huko ndiko alikomsimulia kisa cha kofia. Maana tulipotoka, kiatu kimoja cha mzee hakikuwepo mlangoni.

"Nani kachukua kiatu changu?"

"Mimi," alisema Zuhura, mikono nyuma. "Utakikomboa kwa kuahidi kwamba dada harudishwi nyumbani."

"Familia nzima ya wezi!" Mzee alicheka mpaka akakohoa. Halafu akawatazama wale watoto mmoja mmoja, akatazama na nyumba, kicheko kikaisha. Hakuahidi kitu. Alinyoosha mguu tu, na Zuhura akamvisha.

Tuliporudi Mwanza, meneja alimwuliza kama alivyosema. Mzee Kondo alisimama wima.

"Hakuiba. Mimi ndiye niliyemchokoza, na angekaa kimya ningejua ananidharau. Bwana meneja, wazee wetu walikufa njiani wakazikwa na hawa, na wa hawa wakazikwa na sisi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumshtaki kwa kofia."

Meneja akachukua funguo za sefu. "Basi tatizo ni la utawala," akasema. Akafungua, akamrudishia mzee kofia yake, na siku ileile akatunga kanuni: mgawa karata akikaliwa na mtani wake, aombe kubadilishwa meza.

Nilipita majaribio. Baadaye nikawa msimamizi wa meza, kisha mkufunzi, na wadogo zangu wote wakamaliza shule. Meneja alirudi kwao zamani, lakini kanuni yake ipo. Kila mwajiriwa mpya huulizwa watani wake ni akina nani, na nusu yao hawajui, kwa hiyo wiki ya kwanza utawaona uani na simu masikioni, wakiwauliza bibi zao.

Sasa nimestaafu, niko Cheyo. Nawaona vijana wakibeti kwenye simu, kila mtu peke yake, kichwa chini, hata wa kumcheka hana, nami nawaonea huruma. Lakini simu yangu nayo hulia, na mara nyingi ni kutoka kasino.

"Shikamoo mama. Amekaa Mzaramo mezani kwangu, ameshaniita mpagazi. Nifanyeje?"

"Marahaba. Omba kuhama, kanuni ndivyo inavyotaka," huwa namjibu. "Ila pitia nyuma ya kiti chake umtukane vizuri, na tusi jingine moja umtukane kwa niaba yangu."