Mtoa Strava

Kule Bosnia, strava ni hofu iliyomwingia mtu ikagoma kutoka. Vijana hulitamka neno hilo hata wakisifia gari, lakini mwanamke mmoja wa nyumba ya mwisho kijijini, anayeitoa hofu hiyo kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, halichezei. Akiwa kazini hofu hiyo huiita tu "mgeni wako". Jirani yake Rasema amezoea kumtazama: vidole vyenye makovu ya moto, sauti ya chini ya mtu anayebembeleza mtoto. Humfunika mgonjwa shuka jekundu, hushika bakuli la maji juu ya kichwa chake, kisha humimina risasi, nayo hulia chwaaa! Huopoa kipande kilichoganda, akakionyesha. "Tazama, mwanangu, ni mbwa tu. Mbwa ndiye aliyekushtua. Haya, keshaondoka." Mkono wake hautetemeki hata chembe.

Siku moja, wagonjwa walipokwisha, Rasema alimtania. "Na wewe bibi, nani anakumwagia? Au mgeni wako umeshamfanya mpangaji?"

Bibi hakucheka. Alimkabidhi Rasema bakuli la maji na kijiko chenye risasi ya moto, akaketi kigodani, akajifunika shuka mwenyewe. Rasema akamimina. Maji yalipotulia, akaopoa kipande, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akafungua mdomo aseme.

"Usiniambie kimefanana na nani," sauti ikatoka ndani ya shuka. Vidole vyenye makovu vilikuwa vimekamata pindo, vinatetemeka. "Mimi namjua."