Herufi za Rangi ya Kucha

Jikoni kwangu kuna dumu la mafuta ya alizeti ambalo naona aibu kulifungua. Nililetewa na mama mmoja, mwalimu mstaafu wa Ilongero.

Ninakusanya kompyuta mpakato za zamani, na nilikuwa najisifu kwamba Singida nzima hakuna anayezisafisha kama mimi. Mama huyo alinipa ya marehemu mumewe. Alinieleza kwamba herufi za kibodi zilipofutika, mumewe alizichora upya, moja moja, kwa rangi nyekundu ya kucha. Niliitikia kwa adabu. Nilipofika nyumbani, mpumbavu mimi, nikaona uchafu tu. Nilizifuta zote kwa pamba na spiriti, nikabandika herufi mpya nyeupe.

Mwezi uliopita alikuja kuiona, na dumu lake mkononi. Nilimwamkia, nikamshushia kompyuta kutoka rafuni kwa mbwembwe, nikaiwasha. Ikawaka. Skrini hakuitazama. Alipitisha kidole kwenye kibodi, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo nilipoelewa anatafuta nini, nikatamani ardhi inimeze.

“Hii nzuri, mwanangu,” alisema, akainua macho kwenye rafu. “Na ile ya mzee iko wapi?”