Kumtafuta Nahodha Kipungani

Nilikwenda Lamu kulitafuta neno moja, nami ni mzaliwa wa Nakuru ninayeiogopa bahari tangu siku nilipoiona. Neno lenyewe ni nahodha. Ndani yake mna mzizi wa kale sana, nau, wenye maana ya chombo cha majini. Hakuna aliyewahi kuuona umeandikwa. Wanaisimu wameuunda upya kwa kulinganisha watoto wake: nau ya Kisanskriti, naus ya Kigiriki, navis ya Kilatini, nav ya Kiajemi. Waajemi waliuunganisha na khuda, yaani bwana, na huyo bwana wa chombo alipofika pwani yetu akawa nahodha. Sura nzima ya tasnifu yangu imejengwa hapo. Msimamizi wangu aliisoma, akasema siku hizi nahodha amebaki kwenye mpira tu. Nisipopata watu wanaolitumia baharini, sura niitoe. Nilikasirika, nikakata tiketi.

Kisiwani Manda, nje ya kiwanja cha ndege, vijana walitupokea gatini, na kila mmoja alikuwa kapteni: Kapteni Pweza, Kapteni Pilipili, Kapteni Taratibu. Niliuliza nani kati yao ni nahodha. Wakanionyesha mmoja aliyevaa jezi.

Amu, yaani mjini Lamu, nilipanga chumba kwa Bwana Athmani, mzee mcheshi wa mtaa wa Langoni. Alinieleza kwamba wageni wanataka kapteni, basi vijana wanawauzia kapteni. Manahodha aliwasikia enzi za babake. Akanishauri nijaribu kijiji cha Kipungani, mwisho wa kisiwa hichohicho, kabla sijakata tamaa.

Asubuhi iliyofuata nikapanda mashua ya injini ya Kapteni Swaleh, mtu wa makamo asiyefunga mdomo, aliyeniita mwalimu na kunicheka nilivyoung'ang'ania ubao. Tulikuwa na wavuvi wawili na Bi Rukia, msukaji mikeka aliyekuwa akirudi kwao Kipungani baada ya kuuza. Naye alimwita Swaleh kapteni, akimtania kwamba injini yake inakohoa kuliko mumewe. Nikahesabu sura yangu imekwisha kuzikwa.

Karibu na Kipungani, mkondo unapokutana na bahari kuu, injini ilinyamaza. Mawimbi yakatupiga ubavuni, maji yakaanza kuingia. Nilisoma kila dua niliyoijua, nyingine nusunusu. Utani wote uliisha. Bi Rukia akamgeukia Swaleh.

"Nahodha, mai yaingia. Shauri ni lako."

Swaleh alikuwa mtu mwingine kabisa. Aliwaambia wavuvi watie nanga, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu, wata ubao huo. Teka mai."

Nikauachia ubao, nikashika ndoo. Nanga iliposhika, chombo kiligeuka kikayakabili mawimbi, na maji yakapungua. Mvuvi mmoja akauliza, nahodha, tung'oe sasa? Akajibiwa bado. Nami nikasikika nikisema, "Nahodha, tutafika?"

"Inshallah. Teka mai."

Mawimbi yalipotulia kidogo aliamuru nanga ing'olewe, wavuvi wakashika miti mirefu wakasukuma hadi kwenye mikoko. Niliteremka kwenye tope la magotini, na sijawahi kulipenda tope namna ile. Nilitaka kulia kwa raha. Kinasa sauti changu kilikuwa begini, kimezimwa, na sikukikumbuka hata kidogo.

Kipungani Bi Rukia alitutandikia mkeka, akatupa wali na samaki. Swaleh alikuwa ameshaanza tena kunicheka, naye Bi Rukia akimwita kapteni kama awali. Nilimwuliza kwa nini kule majini alimwita vingine.

"Kapteni ni wa kutembeza watu," akasema. "Ukimpa roho yako, huyo ni nahodha."

Nilikuwa nikilitafuta neno gatini, kwa watu waliotulia. Neno la kale laweza kukaa kimya kwa muda mrefu, na kukaa kimya si kufa. Nilirudi Amu kwa pikipiki, kwa njia ya mchanga, bila kuona haya.

Nairobi, msimamizi wangu aliuliza sauti zilizonaswa ziko wapi. Nikamwambia hakuna. Akauliza, basi ni nani waliolitamka neno hilo baharini?

"Sote tuliokuwamo," nikajibu.

Alicheka sana, kisha akasema sura ibaki, mradi nijiandike kwenye orodha ya wasemaji wa neno hilo. Jina langu nimeliweka chini ya la Bi Rukia.