Nyayo za Thirza Pottle

Watu wa kale walilijenga boma lile la udongo juu ya kilima cha Dorset, Uingereza, kabla mtu yeyote pale hajajua kuandika. Serikali ilililinda kwa bango. Thirza Pottle, mchunga kondoo, alililinda kwa miguu yake. Kwato zikipita mahali pamoja kila siku, tuta la boma humomonyoka. Basi kila Jumatatu alihamisha hori la maji, na yeye mwenyewe, kwa miaka arobaini na mmoja, hakupanda kwa njia aliyopandia jana yake, hata goti likimuuma.

"Mama, utavunjika shingo!" alifoka mwanawe, Jethro. "Si upite langoni kama watu?"

"Watu ndio waharibifu. Wewe kunywa chai yako."

Mwaka jana alikuja mkaguzi, akalizunguka boma zima na kamera. Barua yake ikafika: tuta ni zima, nyasi zimeshika, wala hakuna dalili kwamba mtu hupita huko.

"Hata asante hakuna!" Jethro akawaka.

Thirza aliisoma mara mbili. Kisha akaitoa picha ya Jethro kwenye fremu, akaiweka barua mahali pake.